Nyumba Isiyo na Mlango wa Kutokea

Haraka ndiyo yenye baraka. Polepole ndiyo iliyojaza makaburi ya Burma. Ndivyo anavyowaza Meja Hubert Lanyon, daktari wa upasuaji, Mwingereza, mchana huu wa mvua, kalamu mkononi, mbele ya karatasi tupu. Jana alimtoa askari mmoja katika hema la wasubirio, wale wanaochomwa sindano ya mofini na kuachwa wafe kwa utulivu, akampasua kinyume cha amri. Kanali anataka radhi kwa maandishi kabla ya saa tisa, la sivyo atamnyang'anya kisu na kumrudisha kwao. Mlango wa hema umewekewa mlinzi. Na humo ndani amebaki Mutinda, mpishi wa kikosi, risasi tumboni, bado anapumua. Lanyon hajalala siku mbili. Kope zinashuka, karatasi inakuwa barabara nyeupe, naye yumo njiani.

Barabara haina mwisho, na kila akipinda nayo inapinda. Anatangulia mtu asiye na uso, kofia imekaa juu ya kitu laini kama yai. Wanapita bucha la baba yake kule Leeds, ambako alijua kwanza viungo vinaachana wapi. Bucha linageuka chuo cha London, mabwana wenye miwani wanamcheka, wanasema mikono hiyo ni ya kuuza nyama. Chuo kinageuka mji wa vioo, na katika kila kioo mikono ile ile inashona, inashona, Mombasa, Abisinia, Burma, nywele zikizidi kupata mvi. Vioo vinafunguka. Wanatoka watu, huyu ana mshono shingoni, yule pajani, wanamfuata kwa mwendo wa kwata, wanaimba Kikamba, hadi mbele ya hema.

Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega, anajibu Lanyon, maana mchezo huu amefundishwa na askari wake. Nyumba yangu ina mlango wa kuingilia, wa kutokea haina. Lanyon anautafuta mlango kwa macho. Umeshindwa, nipe mji, anasema asiye na uso. Lanyon anageuka, anaitazama miji yote aliyoitolea jasho, na waliosimama ndani yake kwa miguu yao. Sikupi hata mmoja, anasema. Nyumba haina mlango, mimi nitaukata. Anapasua turubai kutoka juu hadi chini, mwanga unamwagika, wenye mishono wanapiga vigelegele, na lile yai linaota uso. Ni Mutinda. Umechelewa, bwana, uji umeshapoa.

Anatikiswa bega. Ni Koplo Nzioka, muuguzi wake, mtu mzima mwenye ulimi mkali. Kunywa chai, daktari, kazi imekwisha. Juu ya meza ya upasuaji amelala Mutinda, tumbo limeshonwa, na mshono ule Lanyon anaujua kama mwandiko wake. Kule upande wa pili wa kambi, hema la wasubirio limepasuliwa mgongoni. Nani amekata? Nzioka anamkazia macho. Ni wewe, nani mwingine, tena ulikuwa unasema tega, tega, nikadhani umechanganyikiwa. Lanyon anatazama viatu vyake. Vina vumbi jeupe, na bonde hili lote ni tope jeusi.

Kanali anaingia. Analitazama tumbo lililoshonwa, anaitazama karatasi tupu. Radhi yangu iko wapi, Meja?

Mutinda anakoroma. Lanyon anaichukua karatasi, anafutia kisu.

Siombi radhi, anasema.