Aliyenunua ni Mmoja

Walimwita binti huyo Kobe kwa ajili ya kusoma kwake polepole. Herufi alizijua zote, ila alizipitia mojamoja, kidole juu ya mstari, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Alipomaliza shule ya msingi aliingia kiwanda cha mashati, akapewa mashine ya kutoboa matundu ya vifungo. Kazi hiyo haitaki pupa. Ukikosea tundu moja, shati zima limekufa.

Walikuwa watano kwenye chama chao, wote wa kiwanda kimoja: Profesa, mkataji wa vitambaa aliyeitwa hivyo kwa kupenda habari za biashara redioni, Mama Stoo, mtunza ghala, Fundi wa mashine, Kobe mwenyewe, na dada yake, mshona kola. Miaka minne walichanga. Mwaka uliopita walinunua hisa chache za kampuni inayolinda kompyuta za watu dhidi ya wezi wa mtandaoni, zikapanda kidogo, wakajiona matajiri. Mwezi huu wezi waliingia kwenye kompyuta za mteja mkubwa wa kampuni hiyo, wakachota siri zake kama maji ya kisima. Bei ya hisa ikaanguka karibu nusu kwa wiki moja.

Jumatatu, saa ya chakula, Profesa aliingia ghalani amebeba karatasi ya taarifa za soko la hisa juu juu kama bendera. Wenzake walikuwa wamekaa juu ya marobota ya vitambaa, kila mtu na bakuli lake.

"Wakurugenzi watatu wa kampuni wamechukua hisa!" akasema. "Watatu, jamani, baada ya bei kuanguka! Ukiona mpishi anapakua kwenye chungu chake mwenyewe, unaogopa nini tena?"

"Unaogopa chumvi," akajibu Fundi.

Wakacheka, lakini Profesa hakuwa na muda wa kucheka. Alitaka akiba yote ya chama iingie kwenye hisa hizo kabla bei haijarudi juu. "Yote. Bahati haibishi hodi mara mbili."

Chama kilikuwa na sharti moja: hela haitoki mpaka kila mmoja aweke dole gumba lenye wino kwenye daftari. Mama Stoo akatoa kidau cha wino. Profesa akaweka dole, Mama Stoo akaweka, Fundi akaweka huku anatafuna. Dada akaweka, kisha akamsogezea mdogo wake daftari.

Kobe hakuligusa. Ndani ya akiba ile, fungu lao wawili lilitosha kodi ya miezi sita ya chumba cha kona, chumba chenye dirisha pana, walichokipania wafungue ushonaji wao. Mwenye nyumba alikuwa ameshasema: mwisho wa mwezi bila hela, anampa mtu mwingine.

"Naomba niisome kwanza," akasema.

"Aa! Tutazeeka hapa," akasema Profesa. "Nimeshawasomea."

"Umetusomea kichwa cha habari, kaka. Kiwiliwili bado."

Dada akamnong'oneza kwa ukali, "Mdogo wangu, usiniaibishe. Zikipanda, tunapanga chumba na mashine tunanunua. Au unataka nikae kwenye chumba kitupu, nishone kwa kucha?"

"Nataka tuwe na chumba kwanza."

Kengele ikalia. Profesa akamwachia karatasi kama mtu anayemtupia mbwa mfupa.

Asubuhi yake Kobe aliwahi kabla mashine hazijawashwa, akaiweka karatasi chini ya taa ya mezani pake. Jedwali lilikuwa na majina matatu. Mbele ya kila jina idadi ya hisa, tarehe, na bei iliyolipwa. Akapitisha kidole. Mkurugenzi wa kwanza na wa pili walikuwa na idadi ileile, tarehe ileile, na kwenye bei paliandikwa sifuri. Akarudia, maana sifuri inaweza kuwa uchafu wa mashine ya kuchapia. Haikuwa uchafu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, palikuwa na maelezo: hisa hizo ni sehemu ya ujira wao.

Kobe akaegemea kiti. Kiwandani kwao, mwisho wa mwezi, saa za ziada zililipwa nusu kwa fedha na nusu kwa vipande vya mabaki. Mtu akimwona Fundi anatoka getini na furushi la vitambaa begani, atasema huyu kweli anakipenda kitambaa cha kiwanda? Fundi mwenyewe aliviuza kabla hajafika nyumbani.

Lakini jina la tatu lilikuwa tofauti. Huyo alikuwa mama mmoja, mkuu wa fedha wa kampuni, na mbele yake paliandikwa bei kamili ya sokoni. Huyo alitoa mfukoni.

Kobe angeweza kuishia hapo, akamvua Profesa nguo mbele ya watu. Hakutaka. Alitaka kujua yule mama mmoja ana maana gani. Jumatano akaomba ruhusa ya saa mbili, akakatwa ujira wake, akaenda ofisi ya dalali wa hisa. Karani alikuwa mwanamke mwenye miwani, na kikombe cha chai kilichopoa.

"Hawa wawili," akaeleza karani, "hupewa kila baada ya miezi mitatu, mvua inyeshe, jua liwake. Usiwahesabu. Huyu mama ndiye wa kuangaliwa. Ana miaka sita pale na hajawahi kununua hata moja. Hii ni mara ya kwanza."

"Kwa hiyo anajua kitu?"

"Anaziona hesabu kwa karibu kuliko wewe na mimi, na anaamini kampuni itasimama. Lakini si mganga, dada. Wezi wakirudi kesho, hisa zake zitashuka pamoja na zako. Tofauti ni kwamba usiku huo yeye bado atakula."

Kobe akauliza swali lililomfanya karani avue miwani.

"Analipwa kiasi gani huyu mama?"

"Kwa nini unataka kujua?"

"Nataka kujua amejikata nyama kiasi gani."

Karani akafungua ripoti ya mwaka ya kampuni, akatafuta, akapiga hesabu kwenye kikokotoo. "Alizonunua ni kama mshahara wake wa mwezi mmoja na nusu."

Ijumaa walipokutana tena ghalani, bei ilikuwa imepanda. Si sana, ila ya kutosha kumtia mtu uchungu. Profesa hakungoja salamu.

"Haya, Kobe! Siku nne! Unajua umetugharimu kiasi gani?"

"Najua," akasema. "Nimepiga hesabu. Nimewagharimu, na sikatai."

Kobe akakunjua karatasi, akaita kila mmoja aweke kidole chake kwenye ile sifuri ya kwanza, kisha ya pili. Akawaeleza habari ya ujira. Fundi akapiga paja.

"Mabaki! Wamepewa mabaki kama sisi!"

"Kwa hiyo wapishi watatu wamebaki mmoja," akasema Mama Stoo, akimtazama Profesa kwa jicho la pembeni.

"Mmoja pia ni mpishi," akasema Profesa, shingo imeanza kulegea.

"Ni mpishi kweli," akasema Kobe, "na mimi nataka tumfuate. Ila tumfuate kwa hatua zake. Yeye ametoa mshahara wa mwezi mmoja na nusu. Kaka, wewe unataka tutoe akiba ya miaka minne. Tunamwamini yule mama kuliko anavyojiamini mwenyewe? Kila mtu atoe kwenye fungu lake mshahara wake wa mwezi mmoja na nusu. Kinachobaki kikae, ila letu sisi wawili litoke kulipa kodi ya chumba."

Nje, toroli la marobota lilipita likilia gurudumu.

"Tukifanya hivyo, faida itakuwa ya kununulia karanga," akasema Profesa.

"Na hasara itakuwa ya karanga."

Mama Stoo akafungua ukurasa mpya wa daftari, akachovya dole. Fundi akafuata. Profesa aliisoma karatasi yote mwenyewe, midomo ikichezacheza, mpaka kwenye herufi za chawa. Akakohoa, akaweka dole.

Dada alibaki amekunja mikono. "Na mishahara yetu ya mwezi mmoja na nusu ikitoka, kodi inapungua. Hilo umelipigia hesabu, mwanamke wa hesabu?"

"Nimelipigia. Inabaki miezi mitano. Nimepita kwa mwenye nyumba leo asubuhi, nikamwomba apokee mitano, wa sita tumlipe tukishaanza kushona."

"Akasemaje?"

"Alikataa mara mbili. Ya tatu akakubali."

"Na hisa zikipanda maradufu, mimi nikiwa na vijisenti vyangu vya karanga?"

"Utanilaumu, dada, na nitakusikiliza. Lakini utanilaumu tukiwa chumbani kwetu."

Dada akamtazama muda mrefu, jicho la mtu aliyemfundisha mtoto kutembea kisha akamkuta anakimbia. Hakutabasamu. Akachovya dole, akalikandamiza kwenye daftari kwa nguvu hata wino ukaruka pembeni.

"Weka na wewe," akasema. "Ofisi ya dalali inafungwa saa kumi."

Kobe akaweka dole lake, akalifunga daftari, akatoka nalo kwenda kwa dalali kabla ya kengele.