Karatasi Niliyoibusu Miaka Miwili

Shule ya dini ya Kiyahudi niliiacha nikiwa na miaka kumi na tano. Nasambaza mikate kwa baiskeli hapa Antwerp, na sijui kujifanya. Kwa hiyo Ijumaa ile, baba yake Perla alipokuja kuona ninavyoishi ili aamue kama anipe binti yake, nilikuwa nimeshafagia mpaka ngazi.

Mzee Fishel ni mwandishi wa mezuza. Anaandika aya kwa unyoya juu ya ngozi, ngozi inakunjwa, inatiwa kwenye kijaluba, kijaluba kinapigiliwa kwenye mwimo wa mlango. Ukipita unakigusa, unabusu vidole.

Hata ndani hakuingia. Alisimama mlangoni akikitazama kijaluba changu cha buluu.

"Kizuri. Ngozi yake ilikaguliwa lini?"

Perla, nyuma yake, akanikonyeza: sema majuzi.

"Sijawahi kukifungua, mzee. Nilikinunua, nikakipigilia, basi."

"Lete bisibisi."

Akafungua, akavuta karatasi, akavaa miwani, akasoma: "Futa kwa kitambaa kikavu. Usitumie sabuni."

Kumbe ngozi huuzwa kando. Kila mtoto mtaani anajua, isipokuwa mimi.

"Na umekuwa ukiibusu hii?"

"Miaka miwili. Asubuhi mara mbili, maana nasahau funguo."

Perla akafunika uso. Nikajua harusi hakuna. Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, nikadhani hasira, kumbe anacheka, mpaka akakaa kwenye ngazi.

"Getzel, wewe ni bwege," akasema akifuta macho. "Lakini aliyemtaka Perla kabla yako aliniapia yake kaikagua juzi. Nilipofungua nikakuta buibui."

Akatia mkono kwenye koti, akatoa ngozi iliyokunjwa.

"Hii niliwaandikia nyinyi wawili. Ningekuta muongo mwingine, ningerudi nayo. Nyundo iko wapi? Imebaki nusu saa mishumaa ya Sabato iwashwe, baada ya hapo hupigilii kitu."

Nikaitia ngozi kijalubani, nikasoma baraka, nikagonga, nikajigonga kidole. Jirani wa juu akauliza kama tunabomoa nyumba.

"Umeipindisha mezuza," mzee akasema.

"Inatakiwa iiname, mzee. Kichwa kielekee ndani."

"Ala. Kuna kitu kiliingia kwenye fuvu hilo kabla hujatoroka shule."

Akaigusa, akabusu vidole, ndipo akaingia.

"Haya, mkwe. Samaki wa Sabato yuko wapi?"