Nyumba za Katikati

Trevor Hallam alikuwa anakula mkate wa mayai mezani pake, ofisini Wellington, alipoona kwamba nyumba arobaini na moja za Mtaa wa Pūriri zimesimama kwenye uwanja wa raga. Kazi yake ilikuwa kukadiria, kwa niaba ya kampuni za bima, ni nyumba zipi zitaanguka tetemeko likija. Mashine yake haikutambua kistari kilicho juu ya ile u, na chochote kisichojulikana kilipo, mashine hukiweka katikati ya wilaya. Katikati ya wilaya hiyo palikuwa uwanjani, kando ya mto, penye udongo laini kama uji.

Nyumba zilikuwa zimehama kutoka kilimani Jumanne asubuhi, pamoja na kamba za nguo. Watu waliamkia huko, wakaulizana basi linapita wapi, wakaenda kazini. Jumamosi timu ilicheza kwa kuzizunguka. Jumatatu barua zikafika: nyumba za udongo laini hazina bima.

Trevor akaenda kuomba radhi. Alianza kwa Huia Parata, mjane. Mumewe, Tamati, alikuwa mezani akimenya viazi vitamu, maji ya chumvi yakimchuruzika magotini. Miaka tisa iliyopita alikwenda baharini kuzamia pāua, konokono wakubwa wa kuliwa, na mwili haukupatikana.

"Huyu naye hakujulikana alipo," Huia alieleza. "Mashine yako imemleta. Asante, baba."

"Nikikiandika kile kistari kwa mkono, mama, nyumba inarudi kilimani leo hii. Na bima inarudi."

"Na huyu?"

Trevor alimtazama Tamati. "Yeye kule hana anwani."

"Basi yangu iache."

"Mama, mpasuko wenyewe wa ardhi unaoleta matetemeko uko mita mia mbili toka hapa."

"Kule kilimani nilikuwa na bima miaka tisa, natandika kitanda upande mmoja."

"Kula, bwana mdogo," Tamati alisema, akimsogezea sahani. "Huyu habishiki. Mimi mwenyewe ilibidi nizame."

"Ungezama na sufuria zako basi, ningepumzika kuosha," Huia alisema.

Trevor alikula. Majirani wote arobaini walitaka kurudi, akaandika vistari vyao kimoja kimoja, na kufikia saa kumi nyumba zao zilikuwa kilimani. Akamwomba mkuu wake mashine ifundishwe kistari, kwa sababu mitaa mingi nchini ilikuwa na majina kama hayo.

"Kwa nchi nzima jumla ya hasara haibadiliki," mkuu alijibu, na mashine ikabaki ilivyo.

Mwezi wa nane ardhi ilitikisika kidogo, nyumba ya Huia ikazama kiasi cha kiganja. Tamati aling'oa mlango wa mbele akaupunguza chini kwa randa, ili ufunguke. Huia alimshikia upande wa pili, maranda yakimjaa kichwani, akishukuru.