Kibao cha Ndago Asilia

Lile jina ndilo lililoniponza. Mmea wenyewe ni mdogo, haufiki gotini, shina lake lina pembe tatu ukilizungusha vidoleni, na unaota kwenye mchanga mkavu ambao majani mengine yanaukimbia. Vitabuni una jina refu la kuuma ulimi. Kwa lugha yetu ni ndago, basi. Na mkulima yeyote atakuambia ndago ni gugu, ling'oe kabla halijakumaliza.

Huu wangu si ule wa mashambani. Ni mwenyeji wa mchanga, haumsumbui mtu, na ulikuwa umebaki nyuma ya kiwanda cha matofali tu, mashina mia mbili na ushee. Kwa miaka kumi na mmoja nimebandika mimea mikavu kwenye karatasi ofisini, na miaka yote hiyo nimetafuta mahali pa pili unapoota nikaambulia patupu. Wenzangu walinitania kwamba nimeolewa na majani. Walikuwa hawajakosea sana.

Barabara inayopita kando ya kiwanda ilipoanza kupanuliwa nikaingiwa na hofu. Mkuu wangu akaniruhusu kuweka kibao, nami nikakiandika kwa mkono wangu, herufi kubwa: HAPA PANA NDAGO ASILIA. Nilijiona nimemaliza kazi.

Shemeji yangu, mume wa dada, anapuliza dawa ya magugu kando ya barabara hiyo. Ana bidii mpaka inakera. Akija kututembelea lazima akaze bawaba za mlango ambazo hazijalegea. Alhamisi mchana alinikuta jikoni kwa dada, uso umemjaa furaha.

"Shemeji, nakushukuru," alisema. "Umenirahisishia kazi. Nimeuona mwandiko wako nikajua tu ni wewe."

Nikamuuliza kazi gani. Akanieleza taratibu kwamba kwenye orodha yao ya magugu ndago ni namba moja, na kwamba aliposoma "asilia" alielewa hizi ndizo ndago zenyewe, kindakindaki. Alikuwa amepuliza jana yake asubuhi. Kwa heshima yangu, alipuliza mara mbili.

Nilitoka na ndala za dada mpaka nyuma ya kiwanda. Nikakuta mashina yote bado ya kijani, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimwaga ndoo tatu za maji ya kiwandani huku nikijua fika ni kazi bure, dawa ilishashuka mizizini. Mbegu zilikuwa changa mno kuvunwa, ukiziminya zinatoa maji. Nikakaa mchangani nikalia.

Shemeji alikuwa amenifuata. Nilipomweleza, alinywea. Alichuchumaa kando yangu asijue aweke wapi mikono. Nilitamani kumgombeza nikashindwa, kwa sababu neno nililiandika mimi.

"Ungeandika tu zisiguswe," alisema.

"Ningeandika."

Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Na zile za kule je?"

"Kule wapi?"

Akanyoosha kidole ng'ambo ya machimbo ya mchanga. Alisema hapa penye kibao alizisoma vizuri, umbo la shina na rangi ya kichwa, kisha akaenda kuzitafuta hatua kwa hatua.

"Kule zilikuwa nyingi kuliko hapa, shemeji," alisema. "Sikubakisha hata moja."