Barafu Kwenye Kioo cha Tatu

Nimebeba mizigo bandarini, nimechimba chumvi, nimeuza hata vitanda. Lakini woga wa kweli niliuona Darmstadt, kwenye chumba cha kuongozea darubini ya angani, nimekaa kwenye kiti kizuri mbele ya skrini.

Darubini yetu ilikuwa na miezi minne angani, na kila nyota iliyoitazama ilionekana kufifia. Barafu nyembamba ilikuwa imeganda kwenye kimoja cha vioo vyake, na hakuna aliyejua ni kipi. Daktari Ohlendorf, mkuu wa zamu, alisema hakuna njia ila kuvipasha moto vyote. Vyote vikipata joto kwa pamoja, huenda vikahama mahali pake, na darubini isione sawasawa tena.

Mimi nilijua ni kipi.

Miaka mitatu nyuma, kabla sijahamishiwa chumba hiki, nilikuwa mshonaji wa yale mablanketi ya kung'aa yanayozunguka vioo. Blanketi hunyonya unyevu wa hewa, na angani unyevu huo hutoka ukaganda kwenye kioo, kwa hiyo likitoka kwenye mfuko wake lazima liandikwe daftarini. Asubuhi moja ya mvua saa tatu ikagonga, na kwetu saa tatu ni mapumziko ya chai na mkate, hata nyumba ikiungua. Nikaliacha blanketi la kioo cha tatu mezani, nje ya mfuko wake, nikaenda kula. Niliporudi nikalifunga. Sikuandika.

Ottmar, jirani yangu wa meza, akaniuliza nina nini, mbona kama nimemeza msumari.

Nikasimama. "Daktari, usivipashe vyote. Ni cha tatu."

"Umejuaje?"

Nikamweleza mbele ya wote. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Mzee Lothar, tuna nafasi moja tu leo. Una hakika?"

Nikasema ninayo. Sikuwa nayo.

Wakakipasha cha tatu peke yake, kidogo kidogo. Saa nzima tuliutazama mstari mmoja, mwanga wa nyota moja, umelala kama maiti. Nilikuwa nimeanza kujiuliza kama siku ile halikuwa blanketi la kioo cha nne.

Mstari ukatikisika. Ukapanda kidogo, ukasimama, kisha ukapanda moja kwa moja.

Watu wakakumbatiana. Mimi nilibaki kitini.

Ohlendorf akaniletea daftari la zamani la mablanketi, limefunguliwa kwenye ukurasa wa siku ile, na kalamu juu yake.

"Andika," akasema. "Halafu twende kwa mkurugenzi, sote wawili."

Nikaanza na saa: tatu kamili.