Meza Isiyofunikwa

Kabla hajaingizwa kuzibuliwa mshipa wa moyo, Swaumu alimshika mkono Hilda, jirani yake wa sokoni Majengo. “Meza yangu msiifunike turubai. Wateja watadhani nimekufa.” Hilda alikubali harakaharaka, asije akalia.

Basi wenzao wakashinda wakimuuzia mtama wake kwa zamu, Hilda akikaa hospitali na chupa ya uji. Daktari alipotoka, alimwita pembeni, akaongea kwa sauti ya chini.

Jioni Hilda alifika sokoni, akakuta mteja anapimiwa. “Mwongeze kiganja,” alisema. “Mwenyewe hupima hivyo.”

Mteja alipoondoka, Hilda alilitoa turubai chini ya meza, akaanza kulikunjua. Wenzake walikuja, wakashika pembe zilizobaki.