Mtungi Uliong'arishwa

Mwaka 1956, Hemed fundi wa betri alikata shauri: ifikapo saa sita, Owuor angefukuzwa. Malori ya mbao ya Elburgon yalikuwa yanazimika njiani, na betri zote zilitoka kwenye karakana yake hapo Nakuru. Owuor ndiye aliyechemsha maji na kukinga mvuke wake, yapatikane maji safi ya betri.

"Amechoka kuchemsha, anachota bombani, na maji ya bomba huua betri," Hemed alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Owuor aliapa mpaka sauti ikamkauka. Chumba alichoishi kilikuwa cha kazi, angekipoteza pamoja nayo, na mkewe alikuwa na mtoto wa wiki mbili.

Wasike, mjazaji wa betri, hakuamini. Isitoshe, Mungu alimnyima uwezo wa kupita kitu bila kukichokonoa. Alichukua bakuli la maji ya Owuor ya asubuhi ile, akatumbukiza nyaya mbili zilizounganishwa na betri na mita. Mshale wa mita haukutikisika.

"Mzee, si maji hubeba stima?"

Hemed alikuwa amenuna, lakini swali la umeme lilimshinda kuliacha. "Maji matupu hayabebi. Yanataka wapagazi. Tia chumvi, itaachana vipande: kimoja kimepungukiwa elektroni, kingine kina ya ziada. Hiki kitakimbilia waya huu, kile waya ule. Ndizo ioni hizo."

"Basi haya ni safi! Owuor hana kosa!"

"Ya leo ni safi kwa sababu jana nilimtisha." Hemed akaenda zake.

Wasike akapima maji ya mtungi wa kioo, mlimohifadhiwa maji ya wiki nzima. Mshale ukaruka. Alifuta nyaya, akarudia. Ukaruka tena.

Mtungi ule haukuguswa na mtu ila yeye. Kila Jumamosi aliusugua kwa magadi, kama mama yake alivyosugua sufuria, akausuuza juujuu tu. Magadi si hutiwa kwenye mboga, watu wakala? Yangedhuru nini?

Alidondosha punje ya magadi kwenye bakuli. Mshale ukapanda. Akaongeza nyingine, ukazidi kupanda, na kwa muda alisahau kabisa kuogopa, kwa jinsi ilivyompendeza. Kisha akamwona Owuor mlangoni, koti mkononi, aibu ikamshika.

Alimwita Hemed, akamwonyesha bakuli, na ukoko mweupe wa magadi shingoni mwa mtungi. "Ni mimi, mzee."

"Ungenyamaza, ningejua?"

"Hungejua."

Owuor alimtazama kwa hasira, wala hakumshukuru. Hemed akamwambia Owuor arudi motoni, na Wasike avue aproni aende zake. Wasike aliivua, akaikunja, akafika mlangoni, akageuka.

"Mzee, na sukari je? Nayo huachana vipande?"

Hilo Hemed hakuwahi kulipima. Alijaza bakuli jingine maji safi, akafuta nyaya.

"Vaa aproni yako," alisema, "ukalete sukari."